Viganja Kumi na Saba

Cheche ya mkaa iliruka kutoka kwenye pasi ikatua juu ya marinda meupe ya gauni. Konadu, fundi cherehani, aliipiga kwa kiganja, lakini ilikuwa imeshatoboa tundu, na ya pili ikatoboa lingine.

Mwalimu Abrafi, aliyekuwa amekaa kwenye stuli akisubiri kuijaribu nguo yake, aliinama kuyatazama matundu. Mwaka mzima mjane huyo alivaa nyeusi. Keshokutwa, Jumapili ya shukrani, angeivua na kuingia kanisani kwa nyeupe mbele ya mji mzima wa Mampong. Sasa nguo yenyewe haikuwa na marinda.

Konadu akampigia simu Pokuaa, muuza vitambaa wa Kumasi, akaiweka kwenye spika.

"Lesi ile ya maua ya kufumwa? Imeisha, dada. Vimebaki vipande viwili. Kimoja robo tatu ya yadi, kingine theluthi mbili. Na hapa kuna bibi harusi amevikodolea macho. Sema upesi!"

Marinda yalihitaji yadi moja na robo. Konadu akashika chaki, akaandika juu ya meza ya kukatia. Tatu na mbili, tano. Nne na tatu, saba. Sehemu tano kati ya saba. Hata yadi haikufika.

"Havitoshi," akasema. "Mwache achukue."

"Pokuaa, ngoja kidogo!" Mwalimu Abrafi akainuka, akaitazama chaki. "We Konadu, ulikuwa na robo tatu. Umeiongezea kipande kingine, ikapungua. Hiki kitambaa kinakula wenzake?"

"Mwalimu, unajua hesabu hizi zilinishinda. Ndizo zilizonitoa darasa lako la nne."

"Basi usihesabu kama mwanafunzi. Marinda unayapima kwa nini?"

"Kwa kiganja. Vidole vinne, nimevibana hivi."

"Yadi moja ina viganja vingapi?"

"Kumi na viwili." Hakufikiri hata kidogo.

"Robo yake?"

"Vitatu."

"Robo tatu je?"

"Tisa."

"Na theluthi?"

"Vinne. Theluthi mbili, vinane..." Konadu akaitazama mikono yake kana kwamba amekabidhiwa sasa hivi. "Tisa na vinane. Kumi na saba!"

"Na unahitaji?"

"Kumi na tano. Mshono wa kuungia utakula kimoja, na marinda yana mikunjo, kiungo hakitaonekana. Kinabaki kimoja, Mwalimu!"

"Robo si ndugu wa theluthi. Ukitaka kuzijumlisha, zikate zote viganja kwanza."

Simu ikapiga kelele. "Nyie mnasali au mnanunua? Bibi harusi keshafungua pochi!"

"Vyangu vyote! Mwambie bibi harusi Mungu atampa vingine. Vitume kwa gari la saa tisa!"

Konadu akakaa chini, akacheka, kisha machozi yakamtoka. "Miaka ishirini na sita najiita mjinga."

"Mimi nilikuandikia ubaoni, nikakuchapa, nikakuandikia tena," alisema Mwalimu Abrafi taratibu. "Sikuwahi kuuliza mikono yako inajua nini. Unisamehe, mwanangu."

Vitambaa vilifika, na Jumamosi saa nne asubuhi nguo ilikuwa tayari. Mwalimu Abrafi aliivaa, akasimama mbele ya kioo, akageuka upande huu na upande ule, marinda yakimcheza magotini.

"Nilikuwa nimesahau kwamba mimi ni mwanamke mweusi mzuri," akasema. "Marehemu angepiga mluzi. Asante, Konadu."

Konadu alikuwa amepiga magoti akikagua pindo, pini amezibana midomoni. Akazitoa moja moja ili aseme vizuri.

"Asante wewe, Mwalimu."

Alipobaki peke yake alikipima kiganja cha kitambaa kilichobaki. Kisha akaifuta meza, akaandika kwa chaki robo na theluthi, kisha nusu na moja ya sita, akaanza kuzijumlisha, hakuna aliyemtuma.