Kwanza Tarehe

Mashati kumi na manne ya walinzi yalikuwa yamekwisha kupigwa pasi, na saa mbili asubuhi ilikuwa haijafika. Redio alitundika la mwisho, akashika ukingo wa meza na kusubiri pumzi imrudie. Siku hizi mvuke ulikuwa unambana. Zamani alikuwa akimaliza mashati arobaini bila kuketi. Sasa kila baada ya matatu ilibidi asimame, avute hewa taratibu kama anayenyonya maji kwa mrija ulioziba, ndipo aendelee.

Jina hilo alipewa na dobi mwenye duka, miaka tisa nyuma, siku alipofungua kinywa kuomba kazi. "Huyu redio yake imeisha betri," dobi alisema. Wafanyakazi wakacheka, naye akacheka pia, maana kazi aliihitaji. Jina likaganda hapo hapo.

"Bosi, leo nina kliniki," alimwambia.

Dobi alikuwa anafunga vifurushi. "Tena? Si ulienda juzi tu?"

"Miezi minne."

"Sikusikii."

Akainua vidole vinne.

"Haya, nenda. Ila saa nane uwe hapa, kuna mashuka ya hoteli. Na upite mlango wa nyuma, wateja wameshaanza kuingia."

Hakuwa na haja ya kukumbushwa mlango wa nyuma. Ngozi ya uso wake ilikuwa nene, imejaa makovu ya vidonda vya utotoni. Viwiko vilikuwa vimekakamaa kama nyayo, na kwenye ukingo wa kope vipele vidogo vilijipanga kama punje za mtama. Ugonjwa wenyewe hauambukizi. Baba na mama, wazima wote wawili, walikuwa wameubeba bila kujua, wakamzaa nao. Kitu mfano wa nta kilikuwa kikijikusanya chini ya ngozi na kwenye nyuzi za sauti, mwaka hadi mwaka. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja alipoambiwa hayo, na aliyemwambia ni daktari bingwa wa koo, mama wa makamo, aliyemtazama kope mara moja tu akasema, "Sogea hapa mwanangu. Wewe si mgonjwa wa ngozi peke yake."

Daktari huyo alimlaza, akaikwangua ile nta kooni kwa mwale wa leza. Wiki tatu baadaye Redio alimpigia simu dada yake.

"Nani mwenzangu?" dada aliuliza.

"Ni mimi."

"Wewe nani?"

Ilibidi ataje jina la paka wao wa utotoni ndipo dada aamini, na wakalia wote wawili, kila mmoja upande wake wa simu. Sauti ile mpya, safi, ilidumu mwaka na nusu. Kisha ikaanza kukwama tena. Daktari alistaafu. Dada alichoka kusema "sikusikii, sikusikii", akaacha kupiga.

Ukumbi wa kliniki ulikuwa umejaa hadi kwenye ngazi. Utaratibu ulikuwa mmoja: muuguzi anasimama mlangoni, anaita jina, mgonjwa anaitika. Asipoitika, faili linarudi chini ya rundo. Saa tatu na nusu jina lake liliitwa.

"Nipo," alisema, akiinuka kutoka safu ya mwisho.

Muuguzi akaita jina jingine.

Alipofanikiwa kupenya hadi mlangoni, muuguzi hakuinua macho. "Mama, tunawaita hamuitiki, halafu mnakuja kulalamika."

"Nimeitika."

"Subiri faili lako lirudi juu ya rundo."

Akamwinamia mwanamke aliyekaa jirani. "Dada, wakiniita tena, nisaidie kuitika."

Mwanamke alimtazama kope, kisha mikono. "Mimi mwenyewe nina mafua," alisema, akahamia kiti cha mbali. Kiti alichokiacha kilikaa kitupu, na watu walikuwa wamesimama.

Redio akaenda kujibandika ukutani, kando ya mlango, mahali ambapo muuguzi asingeweza kuacha kumwona. Alisimama hapo mpaka saa sita.

Ndani, badala ya daktari mmoja, alikuta watu wanane wenye makoti meupe. Daktari bingwa mpya alifurahi kumwona, furaha ya kweli kabisa. "Ndiye huyu," aliwaambia wanafunzi wake. "Sogeeni. Mgonjwa kama huyu mnaweza kumaliza kazi mkastaafu hamjamwona wa pili."

Alizionyesha kope kwa ncha ya kalamu. Wanafunzi wakainama. Mmoja aliomba ruhusa kupiga picha, na daktari akaruhusu. Wakamtaka aseme "aaa", akasema, wakaandika. Wa nyuma akaomba arudie, akarudia.

"Daktari," aliuliza walipomaliza kuandika, "upasuaji ni lini?"

"Mashine ya leza ni mbovu."

"Tangu mwaka jana."

"Ombi la matengenezo liko ofisi ya manunuzi. Halafu watu wa bima nao wanasema ugonjwa wako haumo kwenye orodha yao. Mko wachache mno, mama."

"Nalala nimekaa. Nikilala chali pumzi inakata."

"Ikizidi, wahi dharura, watakutoboa tundu hapa shingoni." Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayekushauri ubebe mwavuli. "Haya, fungua kinywa, waone ulimi na koo."

Redio alifunga kinywa.

"Fungua, mama."

"Kwanza tarehe."

Wanafunzi wakatazamana.

"Hawa wakijifunza, ndio watakaowasaidia ninyi."

"Tarehe."

"Nitakupaje tarehe ya mashine iliyokufa?"

"Basi andika hivyo. Kwamba imekufa, na tangu lini."

Kwa mara ya kwanza siku hiyo kila mtu alikuwa amemsikia. Daktari akatazama saa yake, akaandika mstari mmoja kwenye faili, akawaongoza wanafunzi chumba cha pili. Aliyepiga picha alisita mlangoni, akasema "pole", akafunga mlango polepole.

Redio alivuta faili. *Mgonjwa amegoma kuchunguzwa. Arudi baada ya miezi sita.* Aliusoma mara mbili. Kisha akachukua kalamu iliyokuwa mezani, akaandika chini yake, kwa herufi kubwa, bila haraka: *Sikugoma. Niliomba tarehe ya upasuaji wa koo. Niliambiwa mashine ya leza ni mbovu tangu mwaka jana na hakuna anayejua itatengenezwa lini. Napumua kwa shida.* Akatia tarehe ya siku hiyo na sahihi.

Kwenye dirisha la masijala, karani alilifungua faili alilompelekea, kutafuta tarehe ya kurudi, akakunja uso.

"Nani kaandika hapa?"

"Mimi."

"Eti?"

Akajigusa kifua.

"Mgonjwa haandiki kwenye faili. Faili ni la hospitali."

"Koo ni langu."

Karani hakusikia, au alijifanya. Alitafuta kichupa cha wino mweupe wa kufutia, akakitikisa, akakipindua. Kilikuwa kimekauka. Alitazama foleni iliyokuwa nyuma ya Redio, akashusha pumzi, akapiga muhuri wa *imepokelewa* juu ya ukurasa wote, maandishi ya daktari na ya mgonjwa pamoja.

Redio hakuondoka dirishani mpaka alipoliona faili linachomekwa kwenye rafu. Ndipo akageuka, akaanza kupanda ngazi za kutokea. Zilikuwa ngazi kumi na nane. Alipumzika mara tano.