Fremu ya Nne

Kwenye kona ya njia ya mteremko inayoshuka kutoka wodi ya wazazi, ukutani, ipo mikwaruzo mitatu. Iko usawa wa kiuno, na rangi ya samawati imebanduka hadi plasta ikachungulia. Chuma cha kitanda kiligonga hapo, kikarudishwa nyuma, kikagonga tena, kikagonga tena. Hapakuwa na mara ya nne. Wauguzi walimbeba Kijakazi kwa shuka. Alikuwa amejifungua salama. Kilichomfuata ni damu, na chumba cha upasuaji kiko chini. Shuka lilifika. Yeye hakuwahi.

Siku ya nne baada ya mazishi, Elimringi, msimamizi wa ujenzi wa kituo hicho cha afya pale Gerezani inapopakana na Kariakoo, alisimama mbele ya mikwaruzo hiyo na barua mfukoni. Alivuta tepu kutoka ukuta hadi ukuta, ingawa kipimo alikijua. Mkono wake ndio ulioiandika tarakimu ile.

Sisi wa mtaa huu hatusahau upesi. Tunaikumbuka zahanati ya zamani, iliyosimama papo hapo, ambayo makuli wa bandari waliijenga kwa mikono yao siku zao za mapumziko, milango yake mipana hata ungedhani wagonjwa wa enzi hizo walikuwa majitu. Ilibomolewa kwa ahadi. Ramani ya jengo jipya ikabandikwa getini, tukaitazama hadi wasiojua kusoma wakaijua: fremu tatu za maduka upande wa barabara, na nyuma yake njia pana ya vitanda. Lakini Kariakoo ni Kariakoo. Ukuta unaotazama barabara bila mpangaji huonekana kama mtu mzima aliyetoka uchi. Abdulkadiri, mwenyekiti wa bodi, alisema fremu ya nne ndiyo itakayowanunulia wagonjwa dawa. Nafasi yake ikamegwa kwenye kona ya njia ya vitanda. Elimringi akachora mstari mpya kwa penseli, mwembamba kama unywele, na nyuma ya unywele huo ukainuka ukuta.

Kabla ukuta haujapigwa plasta, fundi mwashi mkuu, mzee Mwinyimvua, alikuja na mlango wa mbao begani, akauweka sakafuni.

"Injinia, lala hapa."

"Nilale juu ya mlango, fundi? Sijafa bado."

"Ndiyo maana nakulaza mapema. Jengo la wagonjwa halipimwi kwa kusimama. Baba yangu na wenzake, ile ya zamani, hawakugusa plasta mpaka walipompitisha mtu amelala, toka chumba cha mwisho hadi getini. Vitanda viko wapi?"

"Viko bandarini, kontena halijatoka. Na mgeni rasmi anakuja Jumamosi. Piga plasta, mzee wangu."

Mwinyimvua aliutazama ukuta wa fremu ya nne kwa muda. "Nyie watu wa Moshi, hata kaburi mngelikatia fremu."

"Na nyie wa Pwani mngekuja kupanga."

Mafundi walicheka. Mlango ukaegemezwa pembeni. Plasta ikapigwa, utepe ukakatwa, na Kijakazi, binti yake Mwinyimvua, mimba yake ikiwa changa, alikuwa miongoni mwa waliopiga vigelegele.

Sasa, mbele ya mikwaruzo, Elimringi aliukumbuka utani ule. Barua alikuwa amekabidhiwa asubuhi hiyo. Ilieleza kwamba kona ilibanwa kwa uzembe wa fundi mwashi, kinyume cha maelekezo ya msimamizi.

"Weka saini tu, mwanangu," Abdulkadiri alikuwa amemwambia. "Yule ni mzee, hana cha kupoteza."

"Amepoteza binti, mwenyekiti."

"Basi hatakuwa na nguvu ya kubishana. Wewe una hospitali nzima inakungoja ng'ambo, Kigamboni. Wakisikia kona hii ni yako, watakupa hata choo ujenge?"

Nyayo zilisikika juu ya mteremko. Mwinyimvua alikuwa anashuka na beseni la marehemu, ndani yake kanga mbili na chupa ya chai.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kupima."

"Ndiyo."

"Kimeongezeka?"

Elimringi alikunja tepu. Akamkabidhi barua. Mzee aliisoma polepole, neno juu ya neno, kama apangaye matofali, kisha akaikunja kwa mikunjo ileile aliyoikuta.

"Imeandikwa vizuri. Ila hapa chini pako wazi."

"Panangoja jina langu."

"Kalamu ni yako, injinia. Mimi nilikuwa na mwiko tu."

Kisha Elimringi akapanda hadi wodini, akamwomba muuguzi kitanda kitupu, akalala chali, viatu vikining'inia. "Nipitishe, mzee," alisema. "Nimechelewa, najua."

Mwinyimvua, aliyekuwa amemfuata, aliweka beseni chini, akasukuma.

Elimringi hakuwahi kuliona jengo lake kwa namna hiyo. Dari lilipita taratibu juu ya macho yake, na palipokuwa na kona palikuwa na tundu la taa lisilo na balbu. Kwenye orodha ya makabidhiano, mbele ya neno "taa", alikuwa ameweka alama ya vema. Chuma kikagonga ukuta. Nyuma ya ukuta huo, katika fremu ya nne, mtu alikuwa akipasua kitambaa cha mteja, na mteja akilalamika kwamba amepunjwa.

"Nirudishe, au nisukume?" Mwinyimvua aliuliza.

Elimringi alitoa barua, akaigeuza upande mtupu, akaanza kuandika hivyohivyo chali: kipimo, siku ya penseli, jina lake. Kalamu iliyoelekezwa juu ilikataa kutoa wino. Akaitikisa, akaanza upya.

"Subiri kidogo, mzee."

Mwinyimvua alikaza mikono yote miwili kwenye chuma, akaegemea nyuma, akakizuia kitanda kisiteremke.