Mwenyeji Anywe Kwanza

Nilikuwa nimechoka kabla chupa ya kwanza haijafunguliwa. Nina miaka hamsini na sita, na siku ile nilisimama jikoni tangu saa kumi na moja alfajiri, nikipika vyakula vitatu kwa ajili ya divai tatu za kutoka Chile, nchi ambayo siwezi hata kuionyesha kwenye ramani. Hoteli yetu ipo Morogoro mjini, upande wa mlimani, ina vyumba kumi na viwili na ukumbi mmoja. Mwaka mzima ukumbi ule umekaliwa na popo wengi kuliko watu. Bosi wangu, Oscar, hakunificha kitu: Jumapili ile ya kuonja divai ikienda vizuri, kampuni ya divai itakuwa inaonjesha wateja wake kwetu kila mwezi, na Mzee Kasimiri wa Mgeta ataleta kwetu harusi ya binti yake. Isipoenda vizuri, jiko linafungwa.

"Jiko ni mimi," nilimwambia.

"Ndiyo maana nakwambia mapema, mama."

Kampuni ilimtuma Alois, kijana wa Dar mwenye viatu vilivyochongoka na mdomo usiokauka. Alifika Alhamisi ili tupange kipi kiendane na kipi. Akanimiminia. Nikamwambia sinywi. Akauliza kama ni dini, nikasema ni afya, akaridhika. Vijana wanaridhika upesi.

Ukweli ni kwamba nimekunywa miaka kumi na tisa. Nilikunywa kangara, nikanywa gongo, nikauza kitanda, nikauza sare za shule za binti yangu angali amezilalia. Binti huyo, Doreen, sasa ni mwalimu na anakaa Kihonda. Miaka sita iliyopita alikuja kuniokota kilabuni, akaniogesha kama maiti, akaniambia siku nitakayoonja tena nitahama kwake. Mwanawe Kondo alipozaliwa akaongeza jingine: mlevi hatamshika mtoto wangu. Kondo ana miezi kumi sasa, na kila jioni mimi ndiye ninayembembeleza mpaka alale. Sina mali nyingine duniani.

Kwa hiyo nilifanya kazi kwa pua. Divai nyeupe ilinuka limau na majani yaliyofyekwa asubuhi, nikaipa perege wa kukaanga na kachumbari yenye giligilani. Nyekundu ya kwanza, Alois aliiita kamenere, ilinuka pilipili hoho mbichi kabisa. Nilicheka peke yangu. Nimezaliwa Mgeta, nimeteremsha matenga ya hoho kwa kichwa kwenye vile vijia mpaka lilipo lori, halafu mtu anivushie harufu ile baharini ndani ya chupa! Nikaipikia nyama ya ng'ombe kwa hoho, nikaongeza kikombe cha divai yenyewe kwenye mchuzi. Ya tatu, kaberne, Alois alisema ni nzito na inakausha ulimi, nikaipa kitimoto, nguruwe wa kuchoma mwenye mafuta yake. Alois alionja zote pamoja na vyakula, akatikisa kichwa. "Mama, wewe noma." Sikumwambia kwamba kila nilipoinamia glasi mate yalinijaa mdomoni.

Jumapili wageni walikuja baada ya misa ya pili. Mzee Kasimiri mwenyewe, mwenye malori mawili ya kabichi, dada yake Bi Elizabeth, na wanakamati wenzao watatu wa harusi. Tukawapa shikamoo zao, wakaketi. Niliitwa kutoka jikoni nieleze vyakula. Alois akafungua kamenere, akajimiminia kidogo, akaizungusha glasi, akanywa, akaisukutua mdomoni kama dawa ya meno, kisha akainama akaitema kwenye ndoo. Halafu akamjazia Mzee Kasimiri.

Mzee aliifunika glasi yake kwa kiganja. Nilielewa papo hapo, na nilikuwa na siku tatu nzima za kumwonya yule kijana. Nilishughulika na pua mpaka nikasahau nilikozaliwa.

"Kijana," Mzee alisema, "umetema."

"Ndiyo mzee. Ndivyo tunavyoonja kitaalamu. Ukimeza zote utalewa mapema."

"Kwetu mwenye pombe anakunywa kwanza mbele ya mgeni, na anameza. Tunaliona koo linashuka. Wewe umeitema, halafu unanipa mimi."

Alois akacheka, akajimiminia nyingine, akaimeza yote kwa funda moja. Bi Elizabeth alimtazama kwa huruma. "Sasa unameza kwa kuwa umekamatwa, mwanangu. Tena wewe mwenyewe mgeni hapa. Mwenye nyumba ni nani?"

Macho yakamgeukia Oscar. Oscar ni Mpare, Msabato wa kuzaliwa, anauza bia kama mfamasia anavyouza vidonge na hajui hata ladha yake. Akaanza kueleza habari za imani yake huku jasho likimtoka. Mhudumu wetu, Shamimu, akavuta hijabu yake na kurudi nyuma hatua mbili kabla hajatajwa. Kama si kuchoka ningecheka. Hoteli nzima, chupa tisa mezani, na hakuna wa kumeza.

"Basi aliyepika," alisema Bi Elizabeth. "Aliyepika ndiye mama wa nyumba."

Oscar akaniwekea glasi mkononi. "Funda moja tu, mama Doreen," alininong'oneza. "Nakuomba."

Niseme ukweli: niliitaka. Niliitaka kwa mwili mzima, kuanzia kwenye visigino. Nilijiambia Doreen yuko Kihonda, hatajua, nitatafuna tangawizi njiani. Funda moja, jiko linabaki wazi, mshahara unaendelea, na hakuna aliyeumia. Glasi ilikuwa imeshafika kidevuni. Lakini mimi najijua. Katika miaka kumi na tisa sijawahi kunywa funda moja, hata siku moja.

Nikairudisha mezani. Kwa haraka niliyoiondoa kidevuni, nusu ya divai ikamwagika kifuani kwangu ikalowanisha gauni mpaka ndani.

"Mzee, nisamehe," nikasema. "Mimi ni mlevi. Nina miaka sita sijagusa. Divai hii ni nzuri, haina kitu kibaya, lakini siwezi kuimeza."

Aibu ilinichoma masikio. Mzee Kasimiri aliisogeza glasi yake kando, akasema taratibu, "Pole, mwanangu." Akamgeukia Shamimu. "Tuletee soda."

Walikula kila kitu. Bi Elizabeth aliniuliza hoho nimezitia wakati gani hata zisilainike. Lakini mlangoni, kwa upole wote, Mzee alimwambia Oscar kwamba harusi wataipeleka kwingine. Nyumba ambayo hakuna anayekunywa divai yake haiwezi kuwanywesha wageni mia tatu. Alois alifungasha chupa zake bila kuniaga. Oscar alinifuata jikoni nikiwa nasugua sufuria.

"Pumzika kwanza, mama. Nitakupigia."

Simu hizo nazijua. Hazipigwi.

Nilipanda bodaboda mpaka Kihonda, na njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kumwambia binti yangu. Alinifungulia akiwa na Kondo mbavuni. Mtoto alininyooshea mikono. Doreen akasikia harufu ya divai, akaona doa jekundu kifuani, akarudi nyuma hatua moja na kumgeuzia mtoto upande wa pili.

"Mama," alisema.

Kila nilichopanga kilipotea. Nilikuwa nimechoka kujieleza. Tangu mchana nilikuwa nimejieleza vya kutosha kwa maisha yangu yote. "Ninuse," nikamwambia. Nikaachama mdomo pale mlangoni, mama mtu mzima, jirani akituangalia juu ya ukuta.

Doreen alisogea. Alinusa, akanusa tena karibu zaidi, mpaka nikaisikia pumzi yake kwenye ulimi wangu. Hakuomba radhi, na mimi sikuwa na haja nayo.

"Kazi imeisha," nikamwambia.

"Mshike," akasema, akanipa mtoto.

Nikampokea kwenye lile gauni bichi, nikakaa naye chini hapohapo kizingitini, maana sikuwa na nguvu ya kuingia ndani.