Simu ya Marehemu Kwenye Meza ya Wakubwa

Mimi kazi yangu kufagia na kupeleka chai. Akili wanazo wao, ndiyo maana wanakalia viti vinavyozunguka.

Wakubwa hao walikuwa wanatengeneza programu ya simu, ili mgonjwa ajipangie foleni ya hospitali akiwa kitandani kwake. Jambo jema. Mke wangu alifia kwenye benchi la foleni hiyohiyo, basi sasa wameona umuhimu.

Kikao kikaitwa kuchagua simu ya kufanyia majaribio. Bosi akaweka yake mezani, pana kama sinia. Wote wakaisifia, hata aliyekuwa anasinzia. Fundi wao tu, binti tunayemwita Miwani, akasema wagonjwa wengi wana simu za zamani. Chumba kizima kikanigeukia mimi na birika langu.

"Mzee wetu, hebu tuazime yako."

Ilikuwa ya marehemu. Kioo kimepasuka, ila ndani mna ujumbe wa sauti alionirekodia akiwa pale benchini. Nikampa Miwani. Mjinga ni mimi.

"Ifutwe yote kwanza," bosi akasema. "Utaratibu ni utaratibu. Simu ya majaribio lazima iwe tupu."

"Isifutwe! Mna sauti ya mke wangu humo."

"Nimhamishie kwanza," Miwani akasema.

"Muda huo hatuna, wageni wako njiani. Mzee, si sauti tu? Utarekodi nyingine."

"Nimrekodi nani, bosi?"

Mtu akakohoa. Bosi akasema hata yeye ameonja msiba: juzi tu amepoteza picha zake zote za likizo. Wenzake wakampa pole.

Nikachukua simu yangu, nikachukua na birika, nusu yao hawajamiminiwa. Programu ikajaribiwa kwenye sinia la bosi, ikafaulu kwa makofi, ikazinduliwa kwa kukata utepe.

Mwezi uliopita presha ikanipanda. Nikajilaza kitandani kama tangazo linavyoelekeza, nikajaribu kuingia kwenye programu yao. "Kifaa chako hakikubaliki." Haya. Nikavaa viatu nikaenda kukaa kwenye benchi lile, nikamweka mama watoto sikioni.

"Baba watoto, bado niko palepale. Wanasema tuvumilie, mkubwa yuko kikaoni."

Nikainuka nikaulizia dirishani.

Bado yuko kikaoni.