Walimu Wawili wa Kufa

Kila Jumamosi alasiri kikundi cha maigizo cha parokia kilifanya mazoezi Kagondo, na Ildefons alilala juu ya meza mbili zilizounganishwa, amefunikwa shuka la Mwalimu Agnetha. Kazi yake ilikuwa kufa. Igizo lilihusu ugomvi wa urithi, naye alikuwa mzee mwenye mali, aliyekata roho kabla pazia halijafunguliwa. Hakuwa na neno hata moja la kusema.

"Ildefons, unapumua kama mbuzi aliyekimbizwa," alisema Mwalimu Agnetha.

"Nisipopumua nitakufa, mwalimu."

"Basi tutakuwa tumepiga hatua."

Wenzake walicheka, na walikuwa na haki. Krismasi iliyopita, akiwa Yosefu, alilikalia hori la Mtoto. Walimpa nafasi ya maiti wakidhani hapo hakuna cha kuharibu, naye akaharibu. Alikohoa, akajikuna, na mke wake wa kwenye igizo alipomlilia vizuri, alimjibu, "Pole."

Jumatatu iliyofuata baba yake alitoka kaburini kumsaidia. Mzee Buberwa alikuwa amezikwa mwaka uliopita nyuma ya jiko, kwenye migomba, pamoja na wazee wengine wa ukoo. Alijipangusa udongo magotini, akaketi kwenye kigoda, na Ildefons akamletea kahawa za kutafuna kama anavyoletewa mgeni yeyote. Alifurahi kuliko alivyoonyesha. Tangu mazishi hakuwa na mtu wa kula naye ndizi jioni.

"Nasikia unatuaibisha," alisema baba. "Kufa kunaanzia kwenye taya. Legeza."

"Kunaanzia ndani," ilijibu sauti kutoka migombani. Alikuwa babu Rutaihwa, aliyekufa kabla Ildefons hajazaliwa. "Mtoto asahau kwanza jina lake. Taya litafuata lenyewe."

"Tata, jukwaani watu wanaangalia taya," baba alimjibu baba yake.

"Wewe umekufa juzi tu, unajua nini?"

Hawakukubaliana hata siku moja, kwa hiyo Ildefons alifundishwa yote mawili. Baba alikaa upande wa kichwa chake akimrekebisha midomo na vidole vya miguu. Babu alimwamuru asahau njaa, kisha asahau bei ya kahawa, ambayo ilikuwa ngumu zaidi, kisha jina. Kuku walianza kupita juu yake kama juu ya gogo. Nzi walimzoea. Moyo nao ukajifunza kusimama akiuomba.

Kila alipoondoka, baba aliuliza, "Na lile neno?"

Ildefons alilijua. Siku zake za mwisho mzee alimwambia, wakiwa wawili tu chumbani, kwamba kibanja, yaani nyumba na shamba lake la migomba, ampe Kokwijuka, dada yake Ildefons, aliyemwogesha na kumlisha muda wote wa ugonjwa. Ukoo ulipokaa baada ya mazishi, baba mdogo Clavery aliuliza kama marehemu aliacha neno. Ildefons alikuwa bado anatafuta namna nzuri ya kuanza wakati kikao kinafungwa. Kibanja cha ukoo hakiendi kwa binti, walisema, wakampa yeye. Kokwijuka akapanga chumba Kibeta, mjini Bukoba, akawa anauza ndizi mbivu.

"Nitasema, Tata. Igizo likiisha."

Igizo lilichezwa Muleba, kwenye ukumbi wa kukodi. Baba na babu walipanda basi moja na kikundi. Kondakta hakuwatoza nauli. Alisema wazee hao hawana uzito. Clavery na watu wa ukoo walikaa mbele, Kokwijuka nyuma karibu na mlango.

Katikati ya igizo, watoto wa maiti wakigawana mali, Mzee Buberwa alisimama.

"Ndugu zangu, kibanja changu nilimpa Kokwijuka."

Clavery alivua kofia. "Shikamoo, kaka."

"Marahaba."

"Tumekusikia. Lakini mwenye mali hajishuhudii mwenyewe. Ukoo unataka shahidi aliye hai. Yupo?"

"Yupo. Amelala pale mezani."

Watu wote walimgeukia Ildefons. Kokwijuka alipanda jukwaani, akasimama karibu na shuka.

"Kaka, ulikuwepo. Sema."

Ildefons alimsikia. Neno lilikuwa tayari kooni. Lakini taya lilikuwa limelegea kama alivyofundishwa na baba, na alipotafuta huyo kaka anayeitwa ni nani, hakumpata, maana babu naye alikuwa amefundisha vizuri. Nzi alitua mdomoni, akaingia, akazunguka, akatoka. Kokwijuka akamtikisa. Mkono ulianguka, ukaning'inia nje ya meza.

"Loo!" alisema mtu wa nyuma. "Huyu kafa kweli."

Ukumbi mzima ulisimama kupiga makofi. Mwalimu Agnetha alilia kwa furaha. Clavery alivaa kofia, akatangaza kwamba shahidi aliye hai hakupatikana. Babu alimpa baba mkono, wakakubaliana kwa mara ya kwanza kwamba kijana ana kipaji.

Kokwijuka aliurudisha mkono mezani, akalinyoosha shuka kama alivyokuwa akimfanyia baba yao, akatoka kuwahi gari la Bukoba. Ildefons alifufuka wakati viti vinakusanywa.

Siku hizi parokia nyingi humwita, na husema Kagera hakuna maiti kama yeye. Baba bado huja alasiri kutafuna kahawa. Lile neno haulizi tena. Humrekebisha taya tu, kidogo, upande wa kushoto.