Kaa Kwanza

Baba yangu ni fundi redio, mimi pia ni fundi redio, na kati yetu sisi wawili mwenye mkono mzuri wa kuunganisha waya ni mimi. Mwenyewe analijua hilo ila hawezi kulitamka, kwa hiyo nimelisema mapema ili tuendelee.

Kwenye ukuta wa karakana yetu, juu ya rafu ya redio ambazo wenyewe wamezisahau, kuna tangazo la spika lililobandikwa kabla sijazaliwa. Ni picha ya mtu aliyekaa kwenye kochi, ameelekea spika kubwa kama kabati la nguo. Muziki unamjia kwa nguvu hadi nywele zake zote zimelala nyuma, chai inaruka kutoka kwenye kikombe alichoshika, na tai imepeperuka ikamfunika uso kuanzia puani kwenda chini. Kinachoonekana ni macho tu, nayo yamemtoka pima. Chini ya picha yameandikwa maneno mawili: KAA KWANZA.

Enzi hizo mji mzima ulilijua tangazo hilo. Lilikuwa madukani, magazetini, na nyuma ya kalenda. Watu walikuwa wakimkaribisha mgeni sebuleni wanasema "kaa kwanza," halafu wanashika tai, hata asiyekuwa na tai.

Ajabu yake ni kwamba picha haina sauti lakini kila anayeitazama anasikia kitu. Dereva wa lori anayetuletea redio yake kila baada ya miezi miwili husikia tarumbeta. Muuguzi wa zahanati ya mtaani husikia kwaya, tena anasema sauti ya tatu imezidi. Fundi cherehani wa jirani husikia ngoma tupu, na siku moja yeye na dereva walibishana juu ya picha ile hadi dereva akaondoka bila redio yake. Mama husikia gitaa la besi, linakwenda taratibu kama mtu anayejua anakokwenda. Mimi nikiitazama namsikia mtu anayetakiwa kupunguza sauti kabla hajaunguza spika.

Na mtu wa kwenye kochi ni Baba. Hivyo ndivyo nilivyolelewa. Mama alikuja karakana akiwa msichana, mkononi ana redio inayokoroma, akaiona picha ukutani akauliza huyu ni nani. Baba akajibu, "Ni mimi." Redio ile ilikuwa na ubovu wa dakika kumi, lakini ilichukua wiki tatu kutengenezwa, na Mama alikuja kuiulizia kila siku. Wakaoana. Tangu hapo hakuna shoga yake, wifi yake wala mpita njia ambaye hajaambiwa kwamba mume wake ndiye yule wa KAA KWANZA.

Cha kuchekesha ni kwamba mtu huyu aliyepeperushwa na muziki hajui kuimba hata chembe. Kila asubuhi huingia bafuni na wimbo alioutunga mwenyewe:

Mbu wangu, mbu wangu,
damu yangu si sukari,
nenda kwa jirani.

Ubeti ni huo huo mmoja. Akifika kwenye "jirani" sauti inapanda, inakwama, halafu inateremkia upande mwingine. Jirani mwenyewe hufunga dirisha. Mama hufungulia redio hadi mwisho, kisha hugonga mlango wa bafu na kusema maji yanaisha, hata kama mapipa yote yamejaa.

Sasa, mwezi uliopita ile kampuni ya spika, iliyokuwa imelala miaka mingi, ilifungua duka jipya mjini. Wakatangaza redioni kwamba wanamtafuta yule mtu wa kwenye kochi wampige picha upya, kochi lile lile, maneno yale yale. Watajitokeza wanaodai, wataulizwa maswali mbele ya watu, na wa kweli atajulikana.

Mama hakumwuliza mtu. Alikwenda akaandikisha jina la Baba, akapitia sokoni akanunua tai, kisha akaja karakana kutupa habari njema. Baba alikuwa ameshika chuma cha moto cha kuunganishia waya. Alijiunguza kidole, akaendelea kutabasamu huku kidole kinanuka.

Mama alipotoka tu, akaketi kwenye kreti la vipuri, akaniambia nifunge mlango.

"Mwanangu," akasema, "yule si mimi."

Nilidhani ni kidole kinamchanganya. Akainuka, akaenda kwenye picha, akaweka kidole kilichoungua, si juu ya mtu, bali juu ya spika.

"Mimi nilikuwa humu."

Akanieleza. Siku ya kupiga picha spika zenyewe zilikuwa hazijafika. Kilichofika ni kasha tupu. Mpiga picha akasema picha haioneshi matumbo, fungeni kitambaa cheusi mbele, pigeni kazi. Upepo uliazimwa gereji, mashine ya kukaushia rangi ya magari, na ilihitaji mtu wa kuishika akiwa ndani ya kasha. Kati ya waliokuwepo ni Baba pekee, aliyekuwa ameitwa kuunganisha waya, aliyeenea. Hakukuwa na muziki wowote. Kulikuwa na Baba amejikunja humo, magoti yakiwa masikioni, akimpulizia mtu asiyemjua.

Nilikasirika, niseme ukweli. Shuleni niliwahi kupigana kwa ajili ya picha ile. Binti mmoja alisema masikio ya yule mtu hayafanani na ya Baba, nikamng'oa vifungo viwili, na kumbe alikuwa na macho mazuri kuliko ukoo wetu mzima. Nikamwambia Baba amwendee Mama jioni ile ile akaseme.

"Nitamtazama vipi?" akaniuliza. "Alikubali posa yangu kwa ajili ya yule. Mafundi redio walikuwa wengi."

Ni kweli walikuwa wengi, na baadhi yao walikuwa na meno mazuri. Baba alikuwa na mpango wake. Angekwenda, angejibu ovyo, angeshindwa kimyakimya, na Mama angewalaumu waulizaji hadi siku ya mwisho. Ndoa ingesalimika. Nilimwambia njia ya mwongo ni fupi. Akasema ya kwake imekwenda miaka thelathini na moja, na hatua iliyobaki ni moja tu.

Jumamosi saa nne asubuhi duka lilikuwa limefurika. Mama alikaa mstari wa mbele, amevaa gauni la harusi za watu, na mashoga zake sita wamemzunguka. Kochi lilikuwa jukwaani, limechakaa lakini ni lile lile. Mwenye duka, mwanamke wa makamo mwenye miwani shingoni, aliwaita wadai. Walikuwa watatu.

Wa kwanza alikuwa kinyozi wa sokoni. Wa pili alikuwa Baba, katika tai mpya inayomkaba. Wa tatu alikuwa mzee mmoja mwenye kipara kinachong'aa na kifaa cha kusikilizia sikioni, ameshikwa mkono na mkwewe. Mkwewe ndiye aliyemwandikisha. Yeye mwenyewe alikuwa akiuliza kama kuna chai.

Swali lilikuwa moja. Mwenye duka alisema babu yake, aliyeanzisha kampuni, aliacha daftari lenye maelezo ya siku ile, na ndani yake kuna jibu. Je, kwenye spika ulikuwa unapigwa wimbo gani?

Kinyozi hakungoja swali liishe. Alisema lilikuwa rumba la dakika kumi na mbili, magitaa matatu, akalicheza hapo hapo hadi mkasi ukamdondoka mfukoni. Watu wakampigia makofi. Mwenye duka akatazama daftari, akamshukuru, akamwonesha pa kukaa.

Ikafika zamu ya Baba. Alisema hakumbuki vizuri, huenda ilikuwa taarifa ya habari. Watu wakaguna. Nikamwona Mama anaminya mkoba wake, lakini Baba alikuwa ametulia, mpango unakwenda sawa. Alibakiza kushuka ngazi mbili tu, akae chini, tuende nyumbani na uongo wetu mzima mzima.

Yule mzee akakalishwa kwenye kochi, akaulizwa. Mkwewe akalirudia swali kwenye sikio lake. Akafikiri sana.

"Hakukuwa na wimbo," akasema. "Kulikuwa na upepo. Nao upepo ulipovuma nikawa nafumba macho, mpiga picha ananigombeza, fumbua, fumbua. Halafu mle ndani ya spika kikaanza kitu kulia. Kama mbuzi aliyeingiza kichwa kwenye debe. Macho yakafumbuka yenyewe."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mashoga wa Mama walishikana mabega. Mimi sikucheka, maana nilikuwa namtazama Baba. Mguu mmoja ulikuwa kwenye ngazi ya mwisho. Shingo yake ilikuwa inavimba juu ya tai. Namjua baba yangu. Mwite mwongo, atakaa kimya. Mwambie redio uliyomletea imerudi mbovu kuliko ilivyokwenda, atakuomba radhi. Lakini kwenye kuimba hagusiki.

Akageuka.

"Mbuzi gani?" akasema. "Ile ilikuwa sauti ya pili."

Mwenye duka akavaa miwani. Akamwuliza Baba amejuaje.

Baba alimtazama Mama. Naamini kwa nukta moja alitafuta uongo mwingine, na naamini ulikuwepo, ila ungemlazimu kumwacha yule mbuzi hai. Akasema yote mbele ya umati: kasha tupu, kitambaa cheusi, mashine ya gereji, miguu iliyokufa ganzi. Akasema humo ndani kulikuwa na joto na mbu, na ili asilie alikuwa ameimba.

"Tuimbie," akasema mwenye duka.

Basi akaimba. Alisimama wima, akafungua koo, na ule wimbo wa bafuni ukatoka mbele za watu kwa mara ya kwanza tangu siku ya picha, miaka thelathini na tatu iliyopita. Mbu wangu, mbu wangu. Damu yangu si sukari. Alipofika kwenye "jirani," sauti ikapanda, ikakwama, na yule mzee akajitupa nyuma kwenye kochi, kikombe alichokuwa hatimaye amepewa kikamruka mkononi, na macho yakamtoka pima. Mwenye duka akalishika tangazo la zamani kando ya uso wa mzee. Hakuna aliyehitaji kuambiwa. Hata kinyozi alisimama kupiga makofi.

Daftari lilisema hivi, likasomwa kwa sauti: "Leo picha imepatikana. Mtu wa kwenye kochi hana kazi, kazi imefanywa na yule wa ndani. Asiruhusiwe kuimba tena."

Watu walicheka hadi wakafuta machozi. Mama alinyanyuka, akatoka nje.

Tulirudi nyumbani watatu, na mimi nilijifanya nina haraka ya kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Jikoni kwetu kunasikia kila kinachosemwa sebuleni. Ndiyo maana nilikwenda huko.

"Miaka thelathini na moja," Mama alisema, "nimewaringia watu kwa macho ya mume wa mtu mwingine."

Baba akasema amekosa. Akasema alitaka kumwambia wiki ya kwanza, halafu wiki ya pili, halafu zikaja kadi za harusi.

"Kwa nini hukusema tangu mwanzo kwamba wewe ndiye uliyekuwa ndani?"

"Nani angekubali kuolewa na mtu wa kwenye kasha?"

Niliosha sufuria moja mara nne.

"Yule mzee leo nimemtazama vizuri," Mama akasema mwishowe. "Anaogopa upepo, anaogopa hata wimbo wa mbu, na chai ameimwaga yote. Mimi sikuwahi kumpenda yule wa kwenye kochi. Nilikuwa nasimama pale karakana wiki tatu nzima, natamani kusikia kile kilichokuwa kinampeperusha."

Nilichungulia. Baba alikuwa amevuta ile tai mpya hadi puani, analia nyuma yake.

Tangazo jipya limetoka wiki iliyopita. Mzee yuko kwenye kochi, kipara kinang'aa, tai imepeperuka, na safari hii spika ni nzima, ina matumbo yake yote. Waliijaribu kwa rumba, kwaya na ngoma, mzee akaendelea kusinzia. Ikabidi wampigie Baba simu. Tumelibandika kando ya lile la zamani. Dereva wa lori bado anasikia tarumbeta, na tumemwacha hivyo hivyo.

Ila Jumapili ile, asubuhi baada ya siku ya dukani, Baba aliingia bafuni bila sauti. Yalisikika maji tu. Mama alikuwa jikoni, mkono uko kwenye kitufe cha redio kama kawaida yake, akangoja, lakini hakukuja mbu yeyote. Akaizima redio. Akaburuta kiti hadi kwenye ujia, akakiweka mbele ya mlango wa bafu, akakaa, akashika kikombe chake cha chai kwa mikono miwili.

"Haya," akasema kwa sauti ya kusikika ndani. "Nimeshakaa."