Mtumbwi wa Vita wa Maruku

Kuanzia Rubafu mpaka Ngenge, alisema Datius, hakuna jiwe lenye historia ambalo yeye hajalikalia. Aliyasema hayo mbele ya Bwana Chambuso, Afisa Utamaduni wa Mkoa wa Ziwa Magharibi, mtu wa Bagamoyo aliyehamishiwa Bukoba mwezi uliopita, na ambaye Kihaya chote alichokijua kilikuwa neno moja: senene, wale panzi wa kukaanga.

"Vizuri," akasema Bwana Chambuso. "Alhamisi meli inaleta watalii wanane. Wanazunguka ziwa, wanataka mambo ya kale. Ukiwatembeza sawasawa, kazi ya uongozaji ni yako. Ukishindwa, jina lako lipo kwenye orodha ya vijana wa kufungua kijiji cha ujamaa Ngenge."

Datius, kidato cha nne, viganja laini kama vya mtoto mchanga, aliipenda sana siasa ya Ujamaa. Aliipenda akiwa kivulini. Jembe nalo aliliheshimu mno, hata akaona si adabu kulishika.

Alhamisi meli ikafika, maana meli haina huruma. Watalii wakashuka na kofia na kamera, wakapakiwa kwenye Landrova. Walipokaribia Maruku, Datius akagundua kwamba historia yote aliyofundishwa ni ya Ulaya. Wake sita wa yule mfalme wa Uingereza angeweza kuwataja wote, mmoja mmoja, pamoja na wawili waliokatwa vichwa. Mfalme wa hapa hakuna mwalimu aliyemuulizia.

Ndipo alipouona, migombani kwa Ta Ishengoma, ule mtumbwi wa gogo wa kukamulia rubisi, pombe yetu ya ndizi. Aliujua vizuri. Na asubuhi ile kijiji kizima kilikuwa kwenye shamba la pamoja.

"Simamisha gari!"

Akawapanga watalii, akakohoa, akaanza Kiingereza chake cha darasani. Huu, alisema, ndio mtumbwi wa vita wa mfalme fulani, ambaye jina lake alilitunga palepale. Mfalme alivuka nao ziwa na askari arobaini.

"Arobaini?" akauliza Mzungu mmoja wa miwani, akiupima kwa hatua. Hatua tano.

"Walikuwa wembamba. Ulikuwa mwaka wa njaa."

"Na haya majani ya migomba juu yake?"

"Heshima."

"Na harufu hii?"

"Mizimu."

"Na nyuki?"

"Walinzi."

Bwana Chambuso aliandika mpaka kalamu ikapata joto. Datius akaiona Ngenge ikirudi nyuma, jembe begani, ikimpungia mkono.

Mara nyuma ya nyumba akatokea Ma Klaudia, mke wa Ta Ishengoma, aliyesamehewa shamba la pamoja kwa sababu ya goti bovu. Akauliza kwa Kihaya ni nani hawa, na kwa nini yule Mzungu anapapasa mali yake.

"Anasemaje?" akauliza Bwana Chambuso.

"Ni mjukuu wa mfalme, mzee. Anawakaribisha."

Akawaeleza na Wazungu kwa Kiingereza. Wakamwinamia wote wanane. Ma Klaudia akageuka kutazama ni nani amesimama nyuma yake. Kisha akasema tena, maneno mengi, akionyesha kidole miguu ya Datius.

"Na sasa?"

"Anasifu viatu vyangu."

"Mwambie asiwe na wasiwasi," akasema Bwana Chambuso, machozi yakimlengalenga. "Mtumbwi wa vita wa babu yake tutaupeleka makumbusho, Dar es Salaam. Leo hii nitaleta lori."

"Nitamwambia, mzee. Kiswahili hakijui kabisa."

Kumbe tangu Januari Ma Klaudia alikuwa akikaa dawati la mbele kwenye kisomo cha watu wazima, na alichokosa ni mtu wa kumsemesha tu. Akanyooka kama anayeitwa na mwalimu.

"Ndugu mgeni," akasema, neno moja moja, "mimi ninaitwa Klaudia. Babu yangu alikuwa mchunga mbuzi. Hii ni pombe ya harusi ya binti yangu Verdiana, Jumamosi. Ndizi zilikanyagwa jana. Aliyezikanyaga ni huyu Datius, kwa miguu yake hiyo. Tulimpa kibuyu kimoja, akaomba na cha pili. Lori la nini?"

Mzungu wa miwani akamgusa Datius bega, akamuuliza kwa heshima kubwa mjukuu wa mfalme amesema nini.

Datius akamtazama Bwana Chambuso. Bwana Chambuso alikuwa anaitazama miguu ya Datius.

"Watafsirie," akasema, akifunga kalamu. "Na hii uitafsiri neno kwa neno. Kiingereza ninakijua."